Hesabu ya Matumbo ya Kariakoo

Kibao kilitangulia, namba ikafuata nyuma. Hilo ndilo lililomponza Elisaria.

Jumatatu asubuhi alipopanda ngazi hadi ofisini kwao Mchafukoge, ghorofa ya tatu, alikikuta kibao kimeegemezwa ukutani, bati zima lenye fremu ya chuma, rangi bado inanata. Juu kimeandikwa kwa buluu: MRADI WA TUMBO SALAMA. Chini yake kwa herufi nyekundu: KILA MWEZI WATU, halafu nafasi nyeupe, halafu KATIKA ENEO HILI HUUGUA KWA SABABU YA CHAKULA. NAWA MIKONO.

"Hapo penye weupe ndipo unapoingia wewe," alisema Bwana Tarsis, meneja wa mradi, mtu aliyependa vibao kuliko alivyopenda kula.

"Naingia vipi, bosi?"

"Na namba. Mchoraji ameacha nafasi ya tarakimu nne. Mgeni rasmi anakuja kuzindua Ijumaa ya wiki ijayo."

Elisaria alikuwa mtakwimu pekee wa mradi huo. Alikitazama kibao, akamtazama bosi wake.

"Na ikitoka namba ya tarakimu tatu?"

"Itaonekana tumekosa wagonjwa."

"Tano?"

"Itagonga neno 'katika'. Usiniletee tano."

Sasa, Elisaria alikuwa mtu wa Machame, umri miaka thelathini na tisa, mpole, mwenye shahada ya takwimu na aibu nyingi. Nyumbani kwao tumbo halikutajwa mbele za watu. Mtu akiharisha alisema "sijisikii vizuri", na wote wakatazama mgomba ulio karibu. Na leo kazi ikamtaka aingie Kariakoo, penye watu wenye midomo kuliko mji wowote, aulize wake kwa waume wamekwenda chooni mara ngapi. Akachukua mkoba, kalamu tatu na fomu mia mbili, akashuka.

Alianzia mahali ambapo mwenye akili zake angeanzia, zahanati. Muuguzi alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Mwezi uliopita, sitini na mmoja."

"Eneo zima?" Elisaria akafurahi. Kumbe kazi imeisha.

"Hao ndio waliofika hapa, kaka. Mtu wa Kariakoo akiumwa tumbo Jumatatu, Jumatatu anakunywa tangawizi. Jumanne anameza vidonge vilivyobaki kwa jirani. Jumatano anaenda duka la dawa. Kwangu anafika Alhamisi, tena amebebwa. Na wengi Jumatano wanapona."

"Kwa hiyo wasiofika ni wangapi?"

Muuguzi akafunga daftari. "Si wewe ndiye mtakwimu?"

Siku mbili zilizofuata aligonga milango. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama mmoja mnene mwenye kanga ya kifuani, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Samahani mama, ndani ya siku thelathini zilizopita kuna mtu wa nyumba hii aliyeharisha?"

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kakutuma nani? Huyo wa chumba cha pili?" Na kabla hajajibiwa, alikwenda kuupiga mateke mlango wa chumba cha pili, na Elisaria akaona heri aendelee na nyumba nyingine.

Fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa mstaarabu zaidi. Alisimamisha cherehani, akataka kwanza ufafanuzi. "Kuharisha mara ngapi ndiyo kuharisha?"

"Mara tatu au zaidi kwa siku moja."

Fundi akavuta futi yake shingoni, akawaza. "Mimi ilikuwa mbili na nusu."

"Nusu?"

"Ya tatu nilifika nikakuta kuna mtu."

Elisaria aliipekua karatasi juu hadi chini. Fomu yake haikuwa na sehemu ya nusu. Mwishowe akaandika "2.5?" na ile alama ya kuuliza akaikoleza.

Mstaafu mmoja wa bandari alikiri bila kuzungushwa. "Kuharisha nimeharisha, tena sana. Ila si chakula. Ni shemeji yangu."

"Shemeji ndiye alipika?"

"Hapana. Alinitazama."

Mpaka Jumatano jioni alikuwa ameandika nyumba mia mbili. Waliokubali kwamba walidhuriwa na chakula walikuwa saba. Waliokubali tumbo lakini wakakataa katakata kuwa ni chakula walikuwa hamsini na watatu, na hao ilibidi awachoree safu mpya kwa mkono: mabadiliko ya hewa, baridi ya tumboni, jicho la watu, embe juu ya maziwa. Mmoja alidai alikunywa maji huku anacheka. Waliobaki walisema katika maisha yao hawajawahi kuumwa tumbo, na baadhi walisema hivyo huku wamejishika tumbo.

Alhamisi akaenda duka la dawa la Safari, kijana mchangamfu mwenye miwani. Safari hakuwa na hiyana. Alisema kwa mwezi anauza pakiti kama mia tisa za dawa ya kufunga tumbo.

"Mia tisa!" Elisaria akaandika haraka. "Kwa hiyo wagonjwa mia tisa."

"Taratibu, braza. Wengine wanasafiri kwenda Mtwara. Wanameza kabla, ili wasimsumbue dereva. Hao hawaumwi, wanajihami."

"Ni wangapi?"

"Hawasemi. Halafu kuna mzee mmoja hununua pakiti nne kila wiki, nilidhani anateseka, kumbe ni za jogoo wake."

Elisaria akafuta mia tisa. Akaiandika tena. Akaizungushia duara, kando akaandika "toa Mtwara, toa jogoo".

Safari akamhurumia. "Nenda kwa Mama Schola," alisema. "Pale hakuna anayedanganya. Hawawahi."

Scholastika alikuwa mtu wa Masasi, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, aliyekuwa akisimamia choo cha kulipia nyuma ya maduka ya vitenge. Alikaa kwenye stuli mlangoni, karatasi za kufutia mapajani, na ukuta uliokuwa nyuma yake ulijaa mistari ya mkaa kuanzia sakafuni hadi usawa wa mabega.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haja ndogo au kubwa?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Kuuliza ni bure."

Akamweleza. Scholastika alisikiliza bila kucheka, na Elisaria akampenda kwa hilo. Kisha akageuza stuli, akamwonyesha ukuta. Kila mstari ni mtu mmoja aliyekuja anakimbia. Wanaotembea hakuwaandika, alisema, hao ni watu wa kawaida, wametimiza ratiba yao. Alianza kuwahesabu ili ajue siku gani aagize maji mengi.

"Lakini mama, anayekimbia si lazima awe ameharibikiwa tumbo. Hapa wamachinga wanakimbia mgambo kila siku. Wengine si wanajificha humu?"

"Wanajificha. Ila wanaonekana, mwanangu. Anayekimbizwa na mgambo anakimbia na mzigo wake. Anayekimbizwa na tumbo anauacha."

Elisaria akaacha kuandika. Katika miaka minne ya chuo kikuu hakuna profesa aliyempa kigezo safi namna ile.

"Kwa mwezi wanafika wangapi?"

"Mwezi uliopita mia tatu na themanini. Lakini mimi nina choo kimoja. Vyoo Kariakoo viko vingapi, na nyumba zenye vyoo vyake je? Na yule ambaye hakufika?" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona mengi. "Wapo wasiofika."

Ijumaa Elisaria alijifungia ofisini na hesabu zake. Akichukua zahanati peke yake, wagonjwa sitini na mmoja. Akichukua milango, na akiwaamini wale saba tu, inakuja kama mia nne. Akiwaweka na watu wa hewa na baridi na shemeji, inaruka. Dawa ilivuta huku, choo kikavuta kule. Alikokotoa mpaka shati likamganda mgongoni, kisha akapeleka karatasi moja kwa Bwana Tarsis.

Tarsis akaisoma kwa sauti. "Kati ya mia nne na elfu saba." Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. "Elisaria, nimekutuma namba, umeniletea barabara."

"Ndiyo hali halisi, bosi."

"Chukua ya katikati."

"Ya katikati hatuijui. Ukiniuliza gunia hili la viazi lina kilo ngapi na hakuna mizani, nitakwambia mia, mia na ishirini. Atakayekwambia mia na kumi na tatu na robo, huyo ni mwizi."

Tarsis aliwaza. Alikuwa na njia moja ya kutatua kila jambo duniani. "Tuite kikao cha wadau," akasema. "Wakubaliane."

Kikao kiliitishwa Jumanne, katika ukumbi wa ghorofa ya kwanza mkabala na choo cha Scholastika. Walikuja mama lishe na baba lishe, wauza matunda, wenye mabucha, Safari wa dawa na Scholastika mwenyewe amevaa gauni la kanisani. Watu sitini na wawili walisaini karatasi ya mahudhurio, na hakuna aliyesahau kusaini, kwa sababu kulikuwa na posho.

Upande wa wauza chakula uliongozwa na mwenyekiti wao, Mzee Anuari, mtu wa Kilwa, baba lishe mashuhuri kwa wali na samaki wa nazi. Elisaria alipomaliza kueleza makadirio yake, Anuari alinyanyuka, akaweka kofia yake sawa.

"Tumekusikia, kijana. Sasa, unaanzia ngapi?"

"Hatuanzii, mzee. Ni kati ya mia nne na elfu saba."

"Hiyo ya juu ni bei ya wageni. Wenyeji ngapi?"

"Mzee Anuari, hii si—"

"Mia tatu," alisema Anuari.

"Mia tatu haifiki hata ile ya chini!"

"Basi mia nne. Hiyo umeitaja kwa mdomo wako."

"Tarakimu nne, tafadhali," alisema Bwana Tarsis kutoka meza kuu.

Mama mmoja muuza maandazi akapaza sauti kutoka nyuma, "Na kwanza sasa ni katikati ya mwezi, watu hawana hela, hawali. Wataumwa na nini?" Ukumbi ukamshangilia. Tarsis akataja elfu mbili. Anuari akacheka kama mtu aliyeambiwa bei ya kiatu kimoja. Tarsis akashuka elfu moja na mia nane. Anuari akachukua mkoba wake, akauning'iniza begani, akaanza kuondoka polepole kuelekea mlangoni, namna ile ile anavyoondoka mteja anayesubiri kuitwa. Alifika mlangoni, hakuitwa. Akafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubadhi.

"Mzee, njoo basi," Tarsis akalegea. "Njoo tuongee."

Wakaongea. Ilipofika saa nane mchana walikuwa kwenye elfu moja na hamsini.

"Hamsini ya nini sasa?" Anuari alilalamika. "Tuondolee hiyo hamsini, tufunge."

"Elfu moja!" Tarsis akagonga meza, na watu wakapiga makofi.

Elisaria akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. "Samahanini wazee wangu," akasema. "Hatuwezi kupunguza wagonjwa kwa makubaliano. Aliyekwisha kuharisha ameharisha. Hata tukikubaliana sifuri, yeye bado yuko chooni."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Bwana Tarsis akatabasamu tabasamu la kikazi. "Mchango mzuri. Chakula tayari."

Sasa habari ya chakula hicho ilikuwa hivi. Tarsis aliogopa kwamba akimpa kazi mpishi mmoja wa Kariakoo, wengine wangemla yeye nyama. Kwa hiyo aliagiza pilau ya kuku kutoka hoteli moja kubwa nje ya mtaa. Gari la hoteli lilijua kwamba likichelewa halitapita katikati ya mikokoteni na watu, likaja saa moja asubuhi. Masufuria yakawekwa kando ya dirisha, upande wa jua. Pale yakakaa yakisikiliza mjadala mzima.

Scholastika alifunua kifuniko, akanusa, akafunika.

"Mama, huli?" Elisaria alimuuliza, sahani yake imejaa.

"Nimeshiba. Ila nipishe, mwanangu, naenda kufungua milango yote."

Elisaria hakumwelewa. Alikuwa na njaa ya kusimama mbele ya watu, akala yote na kachumbari juu.

Saa kumi na nusu Anuari alikuwa akitoa neno la shukrani. "Mimi nimepika wali Kariakoo miaka ishirini na minane," alisema, mkono kifuani. "Na katika miaka hiyo, naapa mbele yenu, sijawahi kuona mtu hata mmoja—"

Akatazama mbali, kama mtu anayeitwa jina lake kutoka Kilwa. "Niwieni radhi," akasema taratibu, akashuka jukwaani kwa heshima zote. Mpaka mlangoni alitembea. Baada ya mlango hakutembea.

Akafuata muuza maandazi. Wakafuata watu wa bucha, watatu kwa pamoja. Choo cha ukumbini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa Kigamboni, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni. Kwa hiyo mkondo wote ukageukia barabarani. Bwana Tarsis alipita mbio na simu sikioni akisema "ndiyo, ndiyo mheshimiwa, nakusikia," na simu ilikuwa juu chini.

Elisaria alijikaza. Alifikiri juu ya kwao Machame, juu ya baridi, juu ya hesabu za maumbo. Alichukua karatasi ya mahudhurio isije ikapotea, ndipo tumbo lake likasema neno moja tu, naye akalitii. Alivuka barabara kati ya mikokoteni, karatasi kwapani, akamkuta Scholastika mlangoni na mkaa mkononi.

"Una mzigo," Scholastika alisema, mkaa ukiwa hewani. "Wewe unakimbia mgambo."

"Ni karatasi mama! Karatasi tu!"

"Iache nione."

Akaiacha. Scholastika akachora mstari.

Walipotulia, jua limeshapoa, kulikuwa na mistari mipya arobaini na minne. Elisaria, akiwa ameegemea ukuta na uso wa rangi ya majivu, aliihesabu mara mbili, na katikati ya unyonge ule furaha ya ajabu ikamjia. Waliohudhuria anawajua kwa majina na saini. Waliokimbia wamo ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alikuwa na hesabu iliyofungwa pande zote mbili. Kilichobaki ni kuona wangapi wangejitokeza wenyewe.

Kesho yake alienda zahanati. Katika daftari la ugonjwa wa tumbo waliandikwa wawili tu kutoka kikao kile. Wa tatu alikuwa kwenye ukurasa wa ajali.

"Kateguka kifundo," muuguzi alisema. "Anasema alikuwa anawahi sehemu."

Kisha akawazungukia wote sitini na wawili na fomu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa hata pilau ilishindwa kuwaumbua. Muuza maandazi alisema alivuka barabara kumsalimia Mama Schola, hawajaonana siku nyingi. Wa bucha walisema walikuwa wanafanya mazoezi. Mzee Anuari alikunja uso.

"Mimi niliingia kukagua mazingira. Ni mwenyekiti."

"Dakika thelathini na tano, mzee?"

"Mazingira yalikuwa mengi."

Bwana Tarsis, alipoulizwa, alisema alikuwa anapokea simu muhimu mahali penye utulivu. Waliokubali walikuwa watatu, mmoja wao ni yule wa kifundo, kwa kuwa hakuwa na namna.

Jioni akiwa nyumbani kwake Buguruni, Elisaria alimsimulia mkewe habari yote huku akinywa uji mwepesi. Vicky alikuwa muuzaji wa vitenge, mwanamke asiyependa maneno marefu. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akauliza, "Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Fomu yako. Ulisaini mahudhurio, si ndiyo? Wewe ni mmoja wa sitini na wawili. Umejiandika nini?"

Elisaria alivuta mkoba, akatafuta fomu namba thelathini na nane. Alikuwa ameijaza mchana kwa mwandiko wake mzuri. Je, uliharisha? Hapana. Maelezo: uchovu wa kazi.

Aliisoma mara mbili. Hakukumbuka hata kuwa amedanganya, mkono ulijiandikia wenyewe. Alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia jana kwenye foleni. Mtu aliyewasumbua watu wazima wa mji mzima kwa maswali ya aibu, ilipofika zamu yake alitazama mgomba.

"Futa," Vicky alimwambia, safari hii bila kucheka.

Alifuta, akaandika: Ndiyo. Mara sita.

Alhamisi aliingia kwa Bwana Tarsis na kufunga mlango.

"Bosi, waliougua ni arobaini na wanne, walioonekana zahanati wawili. Kwa kila anayeandikwa, wagonjwa ni ishirini na wawili, yeye mwenyewe akiwemo. Zidisha kwa sitini na mmoja wa mwezi, unapata elfu moja mia tatu arobaini na mbili."

Macho ya Tarsis yaling'aa. "Tarakimu nne!"

"Subiri. Angekwenda zahanati mtu mmoja zaidi, basi inashuka hadi kama mia tisa. Angekwenda mmoja pungufu, inapanda karibu elfu mbili na mia saba. Mtu mmoja tu, bosi, kaamua kunywa tangawizi, na kibao kizima kinabadilika. Na hiyo ni pilau moja, ya siku moja. Kwa hiyo tunaandika kati ya mia tisa na elfu mbili na mia saba, na tunatanguliza 'huenda'."

"Huenda?" Tarsis alisimama. "Mgeni rasmi hazindui 'huenda'!"

Elisaria akatoa fomu mbili, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu. "Hii ni yangu. Jana mchana niliandika uchovu, jioni nikasahihisha. Na hii ni yako, niliyoandika simu. Mimi na wewe tuna mishahara ya kuhesabu matumbo, na sote tulikana. Sasa unataka niandike namba moja kana kwamba wote wametuambia kweli?"

Tarsis alizitazama zile karatasi. Nje mtu alikuwa akinadi soksi kwa kipaza sauti. Meneja akakaa, akachukua kalamu, akakata neno "simu" mstari mmoja, taratibu, kama anasaini talaka.

"Mara nne," akasema kwa sauti ndogo. "Mwite mchoraji."

Mchoraji aliongeza kipande cha bati ubavuni, kibao kikawa kirefu kikazidi nguzo zake kwa mkono mzima. Ijumaa mgeni rasmi alivuta kitambaa, akasoma kwa sauti ya hotuba: "Kila mwezi watu, huenda kati ya mia tisa na elfu mbili na mia saba..." Akasimama, akamgeukia Tarsis. "Huenda?"

"Huenda, mheshimiwa," Tarsis alijibu, kifua mbele. "Ndiyo kiwango cha juu cha uhakika tulicho nacho."

Mheshimiwa akatafakari, akasema ni nadra sana kuandikiwa ukweli kwenye bati, akapiga makofi, na watu wote wakapiga.

Ingeishia hapo, kama si Mzee Anuari. Baada ya mgeni kuondoka alimvuta Elisaria kando ya kibao.

"Kijana, ile pilau ilitoka hoteli, au siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Si ya mwanachama wangu yeyote?"

"Hapana."

Anuari akanyoosha mgongo. "Basi niandike. Niliumwa, tena sana, nusura nife. Na waambie hao wa hoteli."

Habari ilisambaa kabla ya adhuhuri. Waliokana wote wakarudi, muuza maandazi na watu wa bucha na wengineo, kila mmoja akidai kuzidiwa kuliko mwenzake. Kufikia jioni walioungama walikuwa hamsini na wanane, wakati ukuta wa Scholastika ulikuwa na mistari arobaini na minne tu ya siku ile. Mmoja wao hakuwa amekula. Mwingine hakuwa hata amekuja kikaoni, alikuwa Morogoro msibani, ila alisema alisikia uchungu kwa ajili ya wenzake. Jumamosi ukazuka uvumi kwamba kila atakayeandikwa atapewa ndoo ya maji yenye bomba, na Jumatatu asubuhi Elisaria alipowasili na meza yake ndogo alikuta foleni imeanzia chini ya kibao, imekata kona ya Mtaa wa Swahili, na mwisho wake hauonekani.

Bwana Tarsis alipiga simu kutoka dirisha la ofisi. "Elisaria, naona wanafika elfu tano! Kibao kimedanganya!"

"Hapana, bosi. Wale walikuwa wanaficha. Hawa wanaongeza. Inabidi nijue wanaongeza kwa kiasi gani."

"Utajuaje?"

"Bado sijui," Elisaria alisema, akashangaa kwamba neno hilo halikumtia aibu hata kidogo.

Alikaa, akafungua daftari jipya, akapiga safu mbili, moja ya wanaoficha, moja ya wanaoongeza. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye baibui safi, afya tele, hajawahi kumwona.

"Shikamoo mama. Karibu ukae. Uliumwa siku gani?"

"Siku ile ile, baba."

"Ulikula nini?"

Mama akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Kwani wenzangu wamesema nini?"